Mchoro Huona Yote, Seva Haioni ya Jirani

Chukua mchoro wowote wa mfuatano wa jumbe: mistari minne ya wima, mishale kumi ya mlalo, na juu ya kila mstari jina la kijenzi, yaani sehemu moja ya mfumo. Mteja, Oda, Malipo, Ghala. Ukiuonyesha kwenye kikao hakuna atakayeuliza swali, maana unasomeka kama hadithi: huyu kamwambia yule, yule kajibu, kazi imeisha. Tatizo liko hapo hapo. Anayesoma karatasi anaiona mistari yote minne kwa mara moja. Kijenzi kinachoendeshwa kwenye seva yake kinaona mstari wake tu, yaani kilichokifikia na kilichotuma chenyewe. Mfumo ukija kufanya jambo ambalo hakuna aliyelichora, mara nyingi utakuta kila kijenzi kimeutii mchoro neno kwa neno, na logi ya kila kimoja, yaani kumbukumbu ya matukio yake, ukiisoma peke yake, haina kosa.

Kasoro za aina hii haziletwi na mwandishi wa msimbo mzembe. Zimo kwenye mchoro tangu siku ulipochorwa, na zinaweza kutafutwa humo humo kwa kalamu kabla ya mstari wa kwanza wa programu.

Karatasi inasema nini hasa

Michoro hii ina kanuni zake rasmi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliiwekea pendekezo la Z.120 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na UML 2, lugha ya kuchora mifumo ya programu, ina toleo lake linalofanana kwa mengi. Ukiondoa mapambo, mchoro unadai mambo mawili tu. Kwanza, matukio yaliyo kwenye mstari mmoja yanafuatana kutoka juu kwenda chini. Pili, ujumbe hutumwa kabla ya kupokelewa. Basi. Mshale kuwa juu ya mwingine hakumaanishi chochote ikiwa mistari yake ni tofauti. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alilieleza hili mwaka 1978: katika mfumo uliosambaa, "kabla" na "baada" ni mpangilio nusu, na kuna jozi za matukio ambazo hakuna mwenye haki ya kusema lipi lilitangulia.

Jicho la binadamu halikubali hilo kirahisi. Linaona sentimita mbili kati ya mishale na kuzisoma kama muda.

Jumbe zinazopishana

Mfano mdogo kabisa una mishale mitatu. Oda inaiambia Ghala "tenga". Kisha Oda inaiambia Malipo "toza". Kisha Malipo inaiambia Ghala "imelipwa". Kwenye mstari wa Ghala, "tenga" iko juu na "imelipwa" iko chini, na aliyeandika programu ya Ghala atapanga kuipokea ya kwanza ndipo ya pili. Lakini nini kinachoizuia "imelipwa" isifike kwanza? Hakuna. Zimetoka kwa watumaji wawili na kupita njia mbili. Foleni inayolinda mfuatano haisaidii hapa, kwa sababu inalinda jumbe za mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja. Ikiwa "tenga" imekwama milisekunde 80 kwenye jaribio la pili la mtandao, Ghala itapokea malipo ya oda isiyoijua na kuyatupa. Kisha "tenga" itafika, bidhaa itatengwa, na itasubiri malipo ambayo hayatakuja tena.

Kuikamata hali hii hakuhitaji kipaji. Yape namba matukio yote; jumbe 3 zina matukio 6, kwa sababu kutuma na kupokea ni mawili. Chora jedwali la 6 kwa 6. Weka alama kwenye kila jozi ambayo mfuatano wake unalazimishwa na kitu halisi. Kuna sababu tatu tu za kulazimisha: kutuma hutangulia kupokelewa kwa ujumbe ule ule, lolote lililo juu ya tukio la kutuma kwenye mstari mmoja hulitangulia, kwa sababu kijenzi ndicho kinachoamua kitume lini, na mapokezi mawili kutoka kwa mtumaji mmoja hufuatana ikiwa foleni inalinda mfuatano. Halafu kamilisha mnyororo: kama la 1 liko kabla ya la 3, na la 3 kabla ya la 4, basi la 1 liko kabla ya la 4. Mwishoni linganisha na mfuatano uliochorwa. Jozi iliyochorwa lakini haikulazimishwa na chochote ni mbio, na mshindi hajulikani.

Angalia kwamba kupokea hakumo kwenye sababu ya pili. Kijenzi kinachagua saa ya kutuma. Hakichagui saa ya kufikiwa. Ndiyo maana kasoro nyingi za aina hii hukaa pale mistari inapopokea mara mbili mfululizo. Ukiwa na haraka, anzia hapo.

Tiba ziko kadhaa na zina bei tofauti. Ghala inaweza kuijibu Oda "nimetenga" kabla Oda haijatuma "toza": ujumbe mmoja zaidi, na kila oda inabeba muda wa safari ya kwenda na kurudi. Au Ghala ipokee kwa mpangilio wowote na kuhifadhi kwa namba ya oda hadi vyote viwili vifike. Mimi naipendelea hii ya pili karibu kila mara, kwa sharti moja: ichorwe. Z.120 ina alama yake, kipande cha mstari wima uliokatikakatika, kinachosema kuwa matukio ya hapa hayana mfuatano. Tiba iliyo kichwani mwa mtu mmoja itafutwa na mtu wa pili atakayekuja "kusafisha" msimbo.

Sanduku baada ya sanduku

Mchoro mmoja ukiwa mrefu hukatwa vipande, na vipande huunganishwa: kwanza hiki, kisha kile. Hapa pana mtego ambao hata wazoefu huuingia. Kwa kanuni, "kisha" hilo ni la kila mstari kivyake. Kijenzi kilichomaliza sehemu yake ya kipande cha kwanza kinaruhusiwa kuanza cha pili hata kama wenzake hawajagusa cha kwanza.

Tuseme kipande cha kwanza ni kusoma data: Mtumiaji anapata tokeni, yaani kibali cha kidijitali cha kuingilia, kutoka kwa Utambulisho, kisha anaisoma Hifadhi kwa tokeni hiyo. Kipande cha pili ni kumzuia: Msimamizi anauambia Utambulisho "mzuie", Utambulisho unajibu "sawa". Ukivipanga kimoja chini ya kingine, kila msomaji ataapa kwamba baada ya "sawa" hakuna data inayotoka. Sasa fuata mistari. Hifadhi na Msimamizi hawakutanishwi na mshale wowote. Mtumiaji hajaambiwa kwamba amezuiwa. Kwa hiyo kusoma kwa kipande cha kwanza kunaweza kutokea dakika kumi baada ya "sawa" ya kipande cha pili, na mchoro hautakuwa umevunjwa hata kidogo. Wanaotumia tokeni zinazothibitishwa kwa sahihi peke yake, bila kumuuliza aliyezitoa, wanaishi na jambo hili kila siku. Hukipunguza kidonda kwa kuipa tokeni uhai mfupi, dakika 5 au 15, na kukubali kwamba kwa muda huo aliyezuiwa bado anaingia.

UML 2 ina neno la kuweka kwenye kona ya sanduku kudai kwamba mfuatano uwe mkali, yaani kipande kiishe chote ndipo kingine kianze. Lakini neno hilo halitumi ujumbe. Ukiliandika bila kuongeza mshale unaozibeba habari, umeandika ombi tu.

Njia panda isiyo na mwenyewe

Sanduku la chaguo linasema: ama hiki, ama kile. Swali la kuuliza kila sanduku la namna hiyo ni moja: nani anaamua?

Tawi la kwanza: Mteja anatuma "ghairi" kwa Oda. Tawi la pili: Oda inatuma "imesafirishwa" kwa Mteja. Karatasi inachukulia kuwa tawi moja litachaguliwa. Nani atalichagua? Tawi la kwanza linaanzishwa na Mteja, la pili na Oda, na hakuna kati yao anayejua mwenzake anafikiria nini. Siku jumbe mbili zikipishana njiani, Mteja ataamini ameghairi na Oda itaamini imesafirisha. Wote wawili wamo ndani ya mchoro. Wamo tu katika matawi tofauti.

Kuikagua ni kazi ya dakika. Katika kila tawi tafuta tukio la kutuma ambalo halina chochote kinacholitangulia ndani ya tawi hilo, na uandike jina la mwenye mstari. Ukipata majina mawili au zaidi kwenye sanduku moja, uamuzi hauna mwenyewe.

Lakini hata jina likiwa moja usiondoke bado. Kagua wale wasioamua. Kila mmoja wao lazima ajue tawi lililochaguliwa kutokana na ujumbe wa kwanza unaomfikia, na ujumbe huo uwe tofauti kwa kila tawi. Oda ikituma "funga" kwa Ghala katika tawi la kughairi na pia katika tawi la kukamilisha, huku Ghala ikitakiwa kurudisha bidhaa rafuni katika moja na kuitoa katika lingine, mwandishi wa Ghala hana pa kushika. Atakisia, au ataongeza bendera ya siri mahali ambapo hakuna atakayeitafuta.

Itifaki zilizodumu, yaani kanuni za mashine kuwasiliana, zililishughulikia hili waziwazi. Maelezo ya TCP, itifaki ya kusafirisha data kwenye intaneti, ya mwaka 1981 yana hali mahususi kwa pande mbili zinazofunga muunganisho kwa wakati mmoja. Mpishano wenyewe umefanywa kuwa kisa halali chenye jina lake. SIP, itifaki ya kupanga simu za intaneti iliyotolewa kama hati ya RFC 3261 mwaka 2002, ina tiba ya kupendeza zaidi. Pande mbili zikiomba kubadilisha simu ile ile kwa pamoja, kila moja hujibiwa kwa namba 491 na kutakiwa kungoja muda wa bahati nasibu. Upande ulioasisi kitambulisho cha simu hungoja kati ya sekunde 2.1 na 4, mwingine kati ya 0 na 2. Vipindi hivyo viwili havigusani kabisa, kwa hiyo jaribio linalofuata halitagongana tena kwa sababu ile ile.

Kwa mfumo wa oda, tiba ya kawaida ni kumteua mwenye uamuzi. Oda iamue. Mteja asitume "ghairi", atume "naomba kughairi", na ajibiwe "imekubaliwa" au "umechelewa". Kisha mchoro wa tatu uchorwe, ule wa mishale kupishana, ili kila anayeujenga mfumo ajue kwamba "imesafirishwa" inaweza kumfikia mtu anayengoja jibu la ombi la kughairi.

Visa ambavyo hakuna aliyevichora

Hii ndiyo kasoro ngumu kuliko zote, kwa sababu kila mchoro ukiuangalia peke yake ni safi. Kosa liko kwenye mkusanyiko.

Weka waandishi wawili, W1 na W2, na nakala mbili za hesabu moja, N1 na N2. Hesabu inaanzia 100. W1 anatuma "ongeza 10" kwa nakala zote mbili, W2 anatuma "gawa kwa 2" kwa zote mbili. Kisa cha kwanza: nakala zote zinapokea ya W1 kisha ya W2, na zinafika 55. Kisa cha pili: zote zinapokea ya W2 kisha ya W1, na zinafika 60. Mchoraji anaridhika na matokeo yoyote kati ya hayo mawili, mradi nakala zikubaliane.

Sasa kata michoro hiyo kwa wima. W1 anaonekanaje? Katuma kwa N1, katuma kwa N2. Ni vile vile katika visa vyote viwili. W2 hivyo hivyo. N1 ana sura mbili, N2 sura mbili. Zidisha: 1 × 1 × 2 × 2 = 4. Umechora 2. Zile 2 zilizobaki ni N1 kuwa na sura ya kisa cha kwanza huku N2 ikiwa na ya kisa cha pili, na kinyume chake. Je, zinaungana? Kila kilichopokelewa kilitumwa, na hakuna mzunguko wa "kabla" unaojirudia. Zinaungana. Kwa hiyo N1 inaweza kubaki na 55 na N2 na 60 daima, na hakuna hata kijenzi kimoja kinachoweza kugundua, kwa sababu kila kimoja kinaona kitu ambacho mchoro unakiruhusu.

Njia hiyo ya kukata na kuunganisha upya ndiyo ukaguzi wenyewe. Kwa kila kijenzi kusanya sura zake zote. Unganisha kila mchanganyiko. Tupa usiowezekana, kwa mfano unaopokea ujumbe ambao hakuna aliyeutuma. Kinachobaki na hakimo kwenye orodha yako ni kisa kilichofichika. Kwa vijenzi 4 kalamu inatosha. Kwa vijenzi 6 vyenye sura 3 kila kimoja ni michanganyiko 729, na hapo mkabidhi mashine. Imperial College London walitengeneza nyongeza ya kazi hii hasa kwenye kichanganuzi chao cha LTSA. Nadharia yenyewe, iliyochapishwa mwaka 2000 na kuendelezwa miaka iliyofuata, ina habari mbaya na nzuri. Kuuliza kama mkusanyiko wenye michoro ya idadi maalumu hauna visa vilivyofichika ni ghali kwa kompyuta, ila ukitaka pia kusiwe na mkwamo, yaani vijenzi kubaki vikingojeana, swali linakuwa jepesi kujibu. Ukiongeza marudio yasiyo na kikomo, kwa ujumla hakuna programu inayoweza kujibu kila mara.

Kisa kilichofichika si lazima kiwe kosa. Mara nyingine ni tabia nzuri ambayo mchoraji aliisahau, na dawa yake ni kuichora. Kikiwa kibaya, kukiandika "marufuku" kwenye karatasi hakubadilishi kitu. Lazima muundo ubadilike. Katika mfano wetu, jumbe zote zipitie kwa mpangaji mmoja anayezipa namba, kazi ambayo Raft na Paxos, itifaki za seva kukubaliana, huifanya hata baadhi ya seva zikianguka, au shughuli zibadilishwe ziwe zisizojali mfuatano. "Ongeza 10" na "punguza 5" hazigombani. "Ongeza" na "gawa" zinagombana.

Mtumaji asiyesubiri

Hapa maneno machache yatatosha. Sanduku la marudio lenye mshale wa upande mmoja tu, Oda kwenda Takwimu, linaruhusu Oda kukimbia mbele bila kikomo. Ikituma jumbe 500 kwa sekunde na Takwimu ikimeza 400, foleni inakua kwa 100 kila sekunde: 360,000 kwa saa, na kama kila ujumbe ni kilobaiti 2, megabaiti 720. Kipimo ni hiki: ndani ya kila marudio, kutoka kijenzi chochote kinachoshiriki lazima uweze kufuata mishale ukafika kwa kila mwingine na kurudi. Kama hakuna njia ya kurudi, ongeza jibu. Si lazima kwa kila ujumbe. Jibu moja kwa kila jumbe 100 linatosha kumweka mtumaji kwenye kamba.

Karibu na hapo kuna mshale ambao karibu kila mchoro huuficha: ule wa kujaribu tena. Mteja anaisubiri Oda sekunde 2. Oda inaisubiri Malipo sekunde 1, na inajaribu mara 3. Mteja atakata tamaa Oda ikiwa inaingia jaribio la tatu, na naye akijaribu mara 3, Malipo itaweza kupokea maombi 9 ya tozo moja. Kwenye karatasi ulichora mshale mmoja. Muda wa kusubiri wa nje uzidi jumla ya majaribio ya ndani, na ombi libebe namba yake isiyobadilika ili la pili litambuliwe kuwa ni la kwanza lililorudi.

Baada ya msimbo kuandikwa

Ukaguzi ule ule wa sura unafaa pia kwa mfumo unaotembea: chukua logi, zitenge kwa kijenzi na kwa namba ya oda, na ulinganishe kila kipande na sura zilizochorwa. Kipande kisicholingana ni msimbo uliouacha mchoro. Vipande vyote vikilingana huku jumla hailingani na mchoro wowote, umekipata kisa kilichofichika kikiwa hai.

Usizipange logi hizo kwa saa ya mashine. Seva mbili zikitofautiana milisekunde 5 tu, na ujumbe ukisafiri milisekunde 1, logi inaweza kuonyesha umepokelewa kabla ya kutumwa, na utatumia siku nzima kuwinda mbio ambayo haipo. Weka kihesabu kwenye kila kijenzi. Kiongezwe 1 kwa kila tukio, kisafiri ndani ya kila ujumbe, na mpokeaji achukue kilicho kikubwa kati ya chake na kilichokuja, kisha aongeze 1.